Gunia la papa limejaa Mbuyuni: je, baharini wamebaki?

"Daktari, huu ni mwaka wa kumi na tisa nauza samaki wakavu soko la Mbuyuni hapa Moshi: dagaa, ng'onda, na papa anayetoka Tanga. Juzi nimesikia redioni kwamba papa wanakwisha duniani. Nimeshangaa, maana mzigo wangu haujawahi kukosa, na anayeniletea anasema papa wapo tele, wanazaana kama samaki wengine. Binti yangu wa kidato cha tatu ndiye ananinyima usingizi. Ananiambia, mama, bora ungeuza pembe za ndovu tujue moja. Wateja wengine wananunua kwangu wanavuka nao mpaka wa Holili kwenda Kenya. Tena mkwe wangu ana mimba ya miezi minne, papa wa nazi anampenda kuliko nyama, na jirani kamwambia papa haugui saratani, kwa hiyo supu yake ni dawa. Ni kweli wanakwisha? Niache biashara? Na huyu mkwe ale au asile?"

Shikamoo mama. Nitaanza na mkwe wako, kwa sababu mimba haisubiri.

Mwambie ampumzishe papa mpaka ajifungue na amalize kunyonyesha. Si kwamba papa wako ni mchafu au kakaushwa vibaya. Tatizo ni zebaki. Inafika baharini kutoka kwenye moshi wa makaa ya mawe, kwenye machimbo ya dhahabu na kwenye volkeno, kisha vijidudu vya majini vinaigeuza kuwa aina inayoingia mwilini upesi na kutoka kwa shida. Uduvi anabeba chembe yake. Dagaa anakula uduvi wengi, jodari anakula dagaa wengi, na papa mkubwa anayeishi miaka ishirini au thelathini anawala hao wote na kurithi madeni yao. Mwili wa mtu mzima huchukua siku 50 hivi kupunguza zebaki hiyo kwa nusu. Mtoto aliye tumboni ubongo wake ndiyo kwanza unajengwa, na huko ndiko zebaki inakoharibu. Ndiyo maana mamlaka za afya za Uingereza na Marekani zinawaambia wajawazito na watoto wasile papa kabisa.

Najua utaniambia mnamloweka, mnamwaga maji mara mbili tatu. Mnafanya vizuri, lakini kuloweka kunaondoa chumvi na harufu tu. Ile harufu nayo ina hadithi yake. Bahari ina chumvi kuliko mwili wa samaki, kwa hiyo samaki wa kawaida hukaukiwa maji akiwa ndani ya maji, akalazimika kunywa na kuchuja chumvi siku nzima. Papa alipata njia nyingine: anahifadhi mwilini urea, kitu kilekile kilichomo kwenye mkojo wetu, mpaka damu yake inalingana na bahari. Akifa, bakteria wanaigeuza urea kuwa amonia, na hapo ndipo pua inapojua. Tulipokuwa watoto Kiboriloni tuliambiwa wavuvi ndio wanaomkojolea asioze. Tuliamini, na tukamla vilevile. Basi amonia inatoka na maji ya kuloweka. Zebaki imeshikana na nyama yenyewe. Kuchemsha hakuitoi, ndimu haiitoi, nazi haiitoi. Kukausha ndiyo kabisa: maji yanaondoka, zebaki inabaki palepale kwenye kipande kilichosinyaa.

Sahani alizokwisha kula zisimtie hofu. Ila kama amekuwa akila papa mara kadhaa kwa wiki kwa miezi mingi, aliseme hilo kliniki, asingoje kuulizwa. Na kama anasikia ganzi mdomoni au vidoleni, au mikono inatetemeka bila sababu, aende kwa daktari wiki hii hii. Hayo hayapimwi kwa barua kama hii. Samaki kwa jumla asiache, mtoto anawahitaji: dagaa, vibua, sato, wote hao ni salama kuliko papa. Wa chumvi kali awaulizie kwa muuguzi anapopimwa presha.

Jirani yenu hakutunga uongo wake mwenyewe, alipokea uliozunguka dunia nzima. Papa wanaugua saratani. Uvimbe umeonekana kwa aina nyingi. Dawa iliyotengenezwa kwa gegedu, yaani mfupa laini, ya papa ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, matokeo yakachapishwa mwaka 2010, na waliopewa dawa hawakuishi zaidi ya wasiopewa. Supu ni supu.

Sasa tuje kwenye gunia.

Anayekuletea mzigo anaposema papa wanazaana kama samaki wengine, hapo ndipo anapopotea, na kosa hilo ndilo limewaponza papa kila mahali. Jodari jike mmoja hutaga mayai kwa mamilioni katika msimu mmoja. Hawalei, hawajui, wachache wakipona inatosha. Papa hana mambo hayo. Wengi wao hubeba mimba. Papa wa kichwa cha nyundo, yule ambaye baadhi ya watu wa pwani humwita pingusi, anaweza kupita miaka kumi na zaidi kabla ya kuzaa mara ya kwanza, na akizaa ni watoto kumi na kitu, wakizidi sana arobaini. Taa, samaki bapa wa jamaa ya papa, yule mkubwa anayeruka juu ya maji, yule mwenye mabawa mapana kuliko kitanda, anazaa mtoto mmoja, halafu anaweza kukaa miaka miwili mpaka mitano ndipo azae mwingine. Yupo papa mdogo wa maji ya baridi anayebeba mimba karibu miaka miwili, sawa na tembo.

Kwa hiyo binti yako ana haki nusu. Kwa uzazi, papa yuko karibu na ndovu kuliko dagaa. Nusu nyingine si kweli: biashara ya pembe imepigwa marufuku, ilhali kuvua papa na kumuuza nchini si kosa kwa jumla, na papa anayeuzwa kwa kilo Mbuyuni ni chakula cha watu. Mweleze hivyo, lakini usimkaripie.

Umri wao tunaujuaje? Kitu hicho unacho mezani kwako. Papa hana mfupa, ana gegedu, lakini pingili za uti wa mgongo huwa zimekaza. Ukipata pingili ya papa mkubwa, ikate kwa kisu kikali katikati na uitazame kwenye mwanga wa dirisha. Utaona mistari imepangana kama pete za gogo la mti. Tunaihesabu. Hata hivyo tumewahi kukosea, tena mara nyingi, kwa sababu papa akizeeka mistari inabanana au haiongezeki tena, tukamwona kijana kumbe ni babu. Aliyedhaniwa anakua haraka akaonekana anakua polepole, na kiwango cha kumvua kilichopangwa kwa hesabu ya kwanza kikawa kikubwa mno.

Kwa dunia nzima hali ni mbaya. Mwaka 2021 wataalamu waliopitia aina karibu 1,200 za papa, taa na jamaa zao walikadiria kwamba zaidi ya theluthi ya aina hizo ziko katika hatari ya kutoweka, na kwa zote hizo uvuvi uliozidi ni sababu, peke yake au pamoja na nyingine. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970. Karibu na kwetu, kuna kazi iliyochapishwa 2020, ambayo watafiti walishusha kamera zenye chambo kwenye miamba ya matumbawe 371 ya nchi 58. Karibu mwamba mmoja kwa kila mitano haukupita papa hata mmoja mbele ya kamera. Jirani zetu Kenya walikuwa miongoni mwa nchi chache ambako papa kwenye miamba ilikuwa kama kutafuta sindano.

Basi mbona gunia limejaa? Hili ndilo swali lako hasa, na ni zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu wako watu wenye shahada wanaolijibu vibaya.

Gunia linapima kazi ya wavuvi, halipimi bahari. Zamani ngalawa mbili zilitoka asubuhi zikarudi mchana na papa wanane. Leo yanatoka majahazi sita yenye injini, yanalala nje siku nne, yana nyavu ndefu mara tatu, yanarudi na papa wanane. Kwako Mbuyuni ni papa wanane vilevile, na lori linashusha mzigo uleule. Mvuvi ndiye anayejua gharama imepanda kiasi gani, na anayekuletea anaijua kidogo kupitia bei. Nikuulize wewe: bei yako ya jumla tangu uanze imepanda sawa na ya dagaa, au imeipita?

Tanga wenyewe wametupa ushahidi wa ajabu wa jambo hili. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyavu za jarife zilizotegwa kwenye maji ya kina kirefu zilianza kumleta silikanti, samaki wa kale ambaye kabla ya 1938 dunia ilidhani alikwisha zamani za mijusi wakubwa. Dunia ikashangilia, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Mimi kilichonivuta ni wavu. Jarife hutegwa kwa ajili ya papa. Wavu wa papa ukishafika nyumbani kwa silikanti, ujue mvuvi ameenda mbali, na mtu haendi mbali kama karibu kupo.

Halafu kuna jina. Ukisema papa, unataja makumi ya aina kwa neno moja. Wakubwa wakipungua, wadogo wanajaza pengo kwenye gunia, na wadogo wakipungua anaingia taa, anakatwa vipande, anatiwa chumvi, anakuwa papa. Sikulaumu, kipande kikishakauka hata mimi sikitambui kwa macho. Ndiyo maana watafiti siku hizi wanachukua punje ya nyama sokoni, kubwa kama mbegu ya ubuyu, wanasoma vinasaba vyake maabara na kumtaja aliyekuwa nani. Mara nyingi anayetokea siye aliyeandikwa kwenye mzigo.

Utasikia pia, hasa kwa wavuvi, kwamba papa akiisha ni nafuu kwa sababu anatuibia samaki. Na upande wa pili utawasikia wanaharakati wakisema papa akiisha bahari yote inakufa. Wote nawaogopa kidogo. Mwaka 2007 wanasayansi waliandika kwamba papa wakubwa wa pwani ya mashariki ya Marekani wamepungua, taa waliokuwa wakiliwa nao wakaongezeka, na taa hao wakamaliza chaza. Hadithi ikapendwa, ikaingia kwenye vitabu vya shule, na watu wakahimizwa wavue taa na kuwala ili kuokoa ghuba ya huko. Mwaka 2016 wenzao wakarudia hesabu. Taa wale huzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Hawangeweza kuongezeka haraka hivyo, na chaza walianza kupungua kabla ya taa hao kudaiwa kuongezeka. Kwa hiyo kwa jina la uhifadhi watu walikuwa wakivua mnyama mwingine anayezaa polepole. Papa wana kazi yao baharini, hilo halina ubishi, lakini kazi hiyo inatofautiana kwa aina na kwa mahali, na anayekupa jibu la sentensi moja ana kitu anakiuza.

Kuna habari njema kwetu, nayo iko Mafia. Potwe, papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, anakula uduvi karibu na Kilindoni, pembeni mwa wavuvi wanaozungusha nyavu za dagaa. Ilidhaniwa anakuja Oktoba na kuondoka Machi kama mgeni. Watafiti walipomfunga vifaa vinavyotoa sauti na kutega vipokezi chini ya maji, wakagundua wengi hawaendi popote. Wanahama kidogo tu, wanashuka chini zaidi, na sisi tunasema wameondoka. Kila potwe ana madoa yake ubavuni kama alama ya kidole, na programu inayoyalinganisha ilitokana na hesabu za wataalamu wa nyota za kutambua makundi ya nyota. Mtalii akipiga picha leo, tunaweza kujua ndiye yuleyule wa miaka kumi iliyopita.

Kwa upande wa pili yuko papa upanga, mwenye msumeno puani. Utafiti wa 2021 uliitaja Tanzania katika orodha fupi ya nchi ambako juhudi za sasa bado zinaweza kumwokoa. Ukimwona mzee wa pwani ana msumeno ukutani, mwulize mara ya mwisho alimwona lini mwenyewe akiwa hai.

Uache biashara? Sitakuambia hivyo, na nitakupa sababu yangu hata kama wenzangu hawataipenda. Papa aliyefika Mbuyuni alishakufa, na wengi hunaswa kwenye nyavu zilizotegewa wengine. Ukimkataa leo, meza ya pili itamchukua. Wewe utapoteza ada ya binti, papa hatafaidika. Lakini nisikufiche: bei ndiyo inayomwambia mvuvi atege wapi. Papa wengi huzalia kwenye maji ya kina kifupi, kwenye ghuba na karibu na mikoko, kwa sababu huko watoto hawaliwi sana. Papa wachanga wakipata soko, kuna mtu atatega palepale, na hapo ndipo kizazi kinapokatika. Kwa hiyo ningeanza na wachanga.

Utawajuaje? Udogo peke yake haumhukumu papa. Ziko aina ambazo mtu mzima wake hafiki mita moja, na hizo zinazaa karibu kila mwaka. Ukiwa na lazima ya kuuza papa, afadhali hao. Wale wadogo wanaokuja wazima, wageuze utazame tumboni, katikati ya mapezi mawili ya kifuani. Ukiona tundu au kovu bichi, hicho ni kitovu. Papa huyo ana wiki chache tu duniani. Kwa dume, angalia vijiti viwili kama vidole kando ya mapezi ya nyuma: vikiwa vifupi, havivuki ncha ya pezi, hajapevuka. Mwambie mletaji kwamba wenye kitovu huchukui, na huyo mwenye kichwa cha nyundo huchukui, na yule wa nusu papa nusu taa, mwenye pua ya chepeo, huchukui. Atalalamika. Wewe ni mteja wa miaka kumi na tisa, atazoea. Ila kichwa kikishakatwa utabaki na neno lake tu, na hapo imani yako kwake ndiyo itakayoamua.

La Holili si dogo. Papa wa kichwa cha nyundo wako chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Septemba 2014, na mwaka 2022 huko Panama familia kubwa yenye papa wengi wa kwetu iliongezwa, utekelezaji ukaanza Novemba 2023. Kwa wengi wao haimaanishi marufuku, maana yake ni kwamba mzigo ukivuka mpaka lazima uwe na kibali kinachothibitisha ulivuliwa kihalali na bila kuhatarisha aina hiyo. Ndani ya Moshi halikugusi. Lakini mteja akikamatwa upande wa pili ataulizwa alinunua wapi. Kabla hujamuuzia mwingine anayevuka, nenda kwa ofisa uvuvi wa halmashauri, kaa naye, mwonyeshe mzigo, akuambie taratibu za sasa. Nenda mwenyewe, usitume mtu.

Nina ombi moja pia. Hatuna watu wa kutosha wa kukaa kwenye kila diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki, na masoko ya bara kama lenu yanatazamwa kwa nadra mno. Nunua daftari la kurasa mia. Kila mzigo ukifunguliwa andika tarehe, ulikotoka, papa wangapi wazima, mrefu kuliko wote ana urefu gani kwa futikamba ya fundi cherehani, wenye kitovu wangapi, na bei ya jumla. Binti yako ana simu? Apige picha, ubavuni na tumboni, daftari likiwa kando ili ukubwa uonekane. Miaka miwili ya kurasa hizo kutoka meza moja ya Mbuyuni ningeipeleka kwa wenzangu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi bila aibu.

Ukifungua gunia lijalo, hesabu kwanza wenye kitovu, uniandikie ni wangapi kati ya wangapi.